Nusu mwezi ukweni Newala msimu wa korosho: nitakula wapi na mume wangu wawili tu?

Mkwe_toka_Bukoba

Habari zenu wana Kusini. Mimi ni mtoto wa Bukoba, nimeolewa na Mmakonde wa Newala, makazi yetu Mwanza. Mwaka huu mume kapata likizo katikati ya Oktoba na kasema lazima twende kwao tukute korosho zinaokotwa. Kila msimu huwa anakesha na simu akiulizia bei ya mnada, sasa anataka kuziona kwa macho.

Tutafikia kwa mama mkwe. Nyumba ya familia, vyumba vitatu, wifi zangu wawili wapo na watoto wao. Nawapenda wote, sina ugomvi na mtu. Ila ndoa yetu inatimiza miaka 5 tukiwa huko huko, na mimi nataka jioni hata mbili niketi na mume wangu tule wawili tu, bila mtoto kuniomba simu achezee gemu, bila wifi kuniuliza kama chumvi imekolea.

Nimemuuliza mwenyewe, mtoto wa Newala, atanipeleka wapi. Kanijibu, "Stendi kuna chipsi mayai nzuri sana." Ndiye niliyeolewa naye huyo.

Nimetafuta mtandaoni, kila nikiandika sehemu za wapendanao naletewa Zanzibar. Ninachotaka ni mahali patulivu, chakula cha kueleweka, pasiwe baa ya muziki wa kupasua masikio. Mishumaa si lazima. Pombe hatutumii, mume aliacha. Samaki nimekulia, ila wa ziwani, wa bahari sijawazoea. Gari tutakuwa nalo, dogo, la chini. Tukilazimika kushuka Mtwara au Lindi tukalala usiku mmoja, hewala.

Na kuna la pili, ambalo kusema kweli ndilo linaninyima usingizi. Mama mkwe atanionaje nikimtoa mwanawe kwenda kula nje na yeye kapika? Kwetu Kagera hiyo ingekuwa kesi ya ukoo.

Kuchele_Original

Shemeji karibu Kusini. Ukifika tu mwambie jamaa akuonjeshe samaki nchanga. Usiulize ni samaki gani mpaka umemaliza sahani.

Jibu langu ni fupi: shukeni Mtwara mjini, mlale Shangani. Hoteli za ufukweni zipo, meza zinatolewa nje, bahari mnaisikia. Newala hakuna hicho kitu, tusidanganyane. Kule mtu akikutoa jioni amekununulia soda ya baridi.

Jiko_la_Newala

Huyo hapo juu hajapanda huku siku nyingi, msameheni.

Wifi, karibu nyumbani. Mimi nipo Newala na kazi yangu ni kupika chakula cha oda: vikao, harusi, misiba, na msimu huu makarani wa maghala na wanunuzi wanaokuja kwenye minada. Nikuambie jambo moja ambalo wageni wengi hawaambiwi. Huku chakula cha watu wawili hakitafutwi jioni, kinawekewa oda asubuhi. Mkitoka saa 1 usiku mmependeza, mkaanza kuzunguka mji mkitafuta pa kukaa, mtaangukia kwenye hizo hizo chipsi mayai za stendi, mtarudi mmenuniana, kesho utaandika humu kwamba Newala hakuna kitu. Kitu kipo, ila saa hizo kuku wako bado anatembea.

Kwa hiyo fanya hivi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nenda kwa mpishi unayemwamini. Wifi zako wanatujua wote, na wanajua nani anabana mafuta. Mwambie unataka jogoo wa kienyeji, si tetea aliyechoka kutaga. Achemshwe taratibu mpaka alainike ndiyo aungwe nazi. Kisamvu sema kitwangwe kwenye kinu na kiungwe korosho. Hapo simamia kucha, maana wengine wakiona korosho wanawaza kilo na mnada, watakutilia karanga waseme ni kitu kile kile. Si kile kile. Kisamvu cha korosho kinakuwa kizito na utamu wake unakuja nyuma, baada ya kumeza. Cha kulia agiza ugali wa muhogo kidogo na wali kidogo, maana mume wako atataka wa kwao na wewe sijui kama utauweza siku ya kwanza. Ukikuta ming'oko ya kuchemsha sokoni, ile mizizi ya porini, chukua. Mnaimenya kwa vidole mkiwa mmekaa, mnapiga soga, chakula chenyewe kinasubiri. Mimi sijaona kitu kinachofunga mtu mdomo na kumfungua tena kama ming'oko.

Halafu acha hela ya kuku, usiache ahadi. Msimu huu kuku wanagombewa.

Pa kulia: Shimo la Mungu. Usiogope jina. Ni ukingo wa uwanda wetu wa Makonde, hapo hapo mjini si mbali. Ardhi inakatika ghafla, chini ni bonde la Ruvuma, ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Fikeni saa 11 jioni na hotipoti zenu, mkeka na chupa ya chai. Oktoba jua linatua kama saa 12 na dakika 20, hivyo mna muda wa kula bila kupapasa nyama gizani. Kuna upepo, beba khanga ya kujitanda. Watoto wa jirani watakuja kuwatazama, hilo halikwepeki. Nenda na maandazi ya ziada, wagawie mapema, wataondoka wenyewe. Kabla giza halijashika, simameni mwondoke. Ukingo ni ukingo, na wapendanao huwa hawaangalii wanapokanyaga.

Jioni ya pili usiilazimishe iwe jioni. Ifanye asubuhi, shambani. Msimu huu chini ya mikorosho panakuwa pameshapaliliwa na kusafishwa ili korosho zinazodondoka zionekane, na kivuli cha mkorosho ni kizito kweli. Mkitangulia na chai, mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga, mnapata masaa mawili yenu kabla ya waokotaji kufika upande huo. Ila nisikilize mambo matatu. Usivae nguo unayoipenda, utomvu wa bibo, lile tunda la mkorosho, ukigusa kitambaa unaacha doa la kahawia na hakuna sabuni inayolitoa. Usithubutu kupasua korosho mbichi kwa meno ukijifanya mwenyeji. Mafuta ya ganda yanababua midomo, na midomo una kazi nayo jioni. La tatu, umesema mume aliacha pombe. Ukiletewa juisi ya mabibo uliza imekamuliwa lini. Ya asubuhi ile ni juisi. Ya jana ni uraka, na mwenye kukukaribisha hatokuambia kwa sababu kwake ni ukarimu.

Jingine la msimu. Kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, siku hizi mkulima hapewi hela siku anayopeleka mzigo. Korosho zinaingia ghala la chama cha msingi, zinapigwa mnada, kisha malipo yanakuja benki baada ya siku kadhaa. Maana yake hela haidondoki kidogo kidogo, inafika kijiji kizima kwa pamoja. Ukisikia watu wanasema malipo yameingia, jioni hiyo kaa ndani na mama mkwe wako mle mboga za nyumbani. Spika zitafunguliwa kila kona, pikipiki mpya zitapita mbele yenu mpaka usiku. Utulivu unaoutaka utaupata siku ya mnada wenyewe, wakati wanaume wote wamekwenda kusikiliza bei.

Sasa la mama mkwe. Sisi Wamakonde kwa asili ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo huyo mama usimchukulie kama bibi wa kukaa kibarazani tu. Neno lake ni zito. Siku za mwanzo usitoke kabisa. Kula kwake, omba kuongezwa, ingia jikoni ushike mwiko hata kama hawakutaki. Siku ya oda yako, pika vyungu viwili: cha kwanza kiende kwake kikiwa cha moto, kikubwa kuliko chenu, na wewe ndiye ukipeleke kwa mikono miwili. Kisha sema ukweli kwamba leo ni siku ya ndoa yenu na mnaomba ruhusa mwende mkapunge upepo. Usimtume mume aseme. Wanaume wakitumwa hivyo wanasema "tunatoka kidogo" na mama anabaki na sufuria ya wali ya watu wanane.

Mwl_Mstaafu_Lindi

Binti yangu, nimesoma maelezo ya dada hapo juu na sina la kupunguza. Naongezea ya pwani, kwa kuwa umesema mnaweza kushuka.

Mtwara mjini pana hoteli, hilo ni sahihi, lakini ningekuwa wewe ningesogea Mikindani, kama kilomita 10 tu kutoka Mtwara. Ni mji mkongwe wa mawe na milango ya nakshi, na pale ndipo Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Juu kidogo ya mji liko Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1895, siku hizi ni hoteli, na ukiwa pale unaiona ghuba yote. Piga simu siku moja kabla, uliza jiko liko wazi na kuna samaki gani. Kanuni ya dada ya oda ya asubuhi inafanya kazi hata huko.

Wageni wengi wa pwani hawaangalii maji. Ghuba ya Mikindani ina kina kifupi. Maji yakitoka, mnachokitazama mkiwa mezani ni tope na mitumbwi iliyolala ubavu, na harufu yake si ya wapendanao. Na hapa pana mtego, maana kila mtu anataka mbalamwezi, na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa sana na kukauka sana. Siku za bamvua pwani yetu maji hujaa kama saa 10 jioni na kufikia saa 4 usiku yamekauka kabisa. Basi kaeni mezani saa 11, mle mapema. Mtayakuta maji bado yapo, mtauona mwezi ukitoka, na yakianza kukauka ninyi mmeshamaliza. Tazama kalenda ya Kiislamu, tarehe 14 na 15.

Kwetu Lindi mwezi unachomoza ng'ambo, upande wa Kitunda, na ufukwe wa mjini unautazama moja kwa moja. Hatuna mbwembwe. Kuna samaki wa kuchoma, kuna pweza, kuna wali wa nazi. Kwa mtu wa ziwani anza na kolekole, ana nyama nene na miba michache, usije ukamaliza sikukuu ya ndoa ukitolewa mwiba kooni. Changu ni mtamu zaidi ila anataka uzoefu. Pweza mwache akupikie mtu anayejua kumpiga kwanza, vinginevyo mtatafuna mpaka Krismasi.

Kuhusu njia: barabara kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi imekuwa kwenye ujenzi wa lami, na gari lenu ni la chini. Msiulize watu wa mtandaoni, ulizeni madereva wa mabasi siku hiyo hiyo asubuhi. Mkitokea Masasi kuja Lindi mtapita Ndanda, kwenye abasia ya Wabenedikti iliyoanzishwa mwaka 1906. Pumzikeni hapo, pana hewa nzuri na maji mazuri. Ila pasiwe ndiyo mahali penu pa sikukuu. Niliwahi kumpeleka marehemu mke wangu, kengele ya masifu ikalia nikiwa katikati ya sentensi.

Binti_Msimbati

Mnazunguka tu. Jibu ni Msimbati. Mchanga mweupe, bahari ya kijani, siku ya katikati ya wiki mnaweza kuwa wawili na wavuvi basi. Samaki mnamchagua mwenyewe akiwa bado anang'aa, mnaomba mtu awachomee kwa kuni, ndimu na pilipili mmebeba. Hakuna hoteli ya mjini inayokupa samaki huyo.

Kuchele_Original

Na mbu je? Na giza? Na gari la chini la shemeji likizama kwenye mchanga nani atalisukuma, wavuvi?

Binti_Msimbati

Mbu wapo hata Shangani, tena wa hoteli wamezoea dawa. Mimi sikusema waende usiku. Nendeni asubuhi, mle mchana, saa 10 mmeondoka. Kuhusu gari kweli: yapo magari makubwa yanayopita juu ya mchanga mkiyaona msiyaige. Liacheni kijijini mtembee kwa miguu. Na muwe na hela ya kiingilio, eneo lile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, msije mkagombana na watu wa getini mkaharibu siku yenu. Maji ya kunywa bebeni mjini.

Kitu kingine: Msimbati ni kijiji cha watu, si ufukwe wa sinema. Kuogelea sawa, lakini dada beba khanga, ukitoka majini ujifunge. Mkono wa mume ushike. Mengine mkafanyie mlikofikia.

Mkwe_toka_Bukoba

Jamani, asanteni. Mwalimu, pole kwa mama, nimecheka na kengele kisha nikasoma tena neno marehemu.

Dada wa Jiko, nimempigia wifi mkubwa nikamweleza mpango wa vyungu viwili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na sisi kuku wetu?" Kwa hiyo chungu cha nyumbani kimeshaongezeka.

Nimeamua Shimo la Mungu ndiyo iwe siku yenyewe ya ndoa. Mwisho wa safari tutalala Mikindani usiku mmoja, tuione ghuba ikiwa na maji. Msimbati nimeiandika, ikibaki nguvu. Maswali mawili yamebaki. Tukimaliza kula pale ukingoni na giza likatukuta njiani, kuna shida ya usalama? Na je, mume wangu akisisitiza kumwalika rafiki yake wa utotoni kwenye huo mkeka nifanye nini? Maana namjua.

Kuchele_Original

Huyo rafiki ni mimi, andaa sahani.

Jiko_la_Newala

Wifi, giza haliwakuti kama mmefanya nilivyosema. Mkichelewa, gari lenu lipo, washeni taa mrudi taratibu. Sehemu ya mwisho watu wanatembea barabarani na mbuzi hawavai nguo za kung'aa. Msiende na pikipiki ya kukodi saa hizo, msimu wa hela vijana wanakimbia.

Rafiki wa utotoni mwalike chai ya asubuhi, kwa mama mkwe, siku moja kabla. Mle, wacheke, wakumbushane walivyoiba maembe. Akishaondoka hapo hana sababu ya kuja kwenye mkeka, na mume hana sababu ya kumwita. Mwanaume wa huku ukimnyima rafiki anamtafuta kwa siri, ukimpa mapema anamaliza hamu.

Kuhusu kuku wa wifi zako, nilijua. Nyumba ya watu hao sasa ni majogoo watatu, wawili chungu cha nyumbani na mmoja wenu. Kisamvu nitatwanga mwenyewe, korosho nitabangua za kwangu, usinunue za stendi, zile zimepauka. Nitumie tarehe humu kwenye ujumbe wa ndani mara tu mkipata likizo rasmi, nimwahi kijana wa kuku kabla makarani wa mnada hawajamsomba wote. Na uniambie kama wewe pilipili unakula au ni mume tu.

Mkwe_toka_Bukoba

Nakula. Yeye ndiye hali.

Jiko_la_Newala

Mmakonde gani huyo? Mlete nimwone.